Ngwaru, Aliyesema Bado

Sogeeni, enyi wa mlima Vudere, mliokunywa maji ya mfereji huu kabla hamjajua umetoka wapi. Nawarudisha nyuma ya babu wa babu zetu, wakati ambapo hapa hapakuwa na mfereji, na mlima mzima ulikuwa na chemchemi moja tu, nyembamba kama uzi wa kushonea, ikitiririka usiku na mchana bila kumfaa mkulima. Wakati huo alizaliwa Ngwaru, mwana wa Kisheri mchonga mizinga ya nyuki, mjukuu wa Mandusi aliyevuka nyika na jiwe la kusagia kichwani. Huyo ndiye Ngwaru Mabega ya Mlango, Ngwaru aliyembeba fahali mgonjwa akampandisha mlimani, Ngwaru ambaye mwishowe hatumkumbuki kwa mabega yake bali kwa neno moja dogo, ambalo kila mtoto wa hapa hulijua kabla ya kujua kutembea.

Watu wa enzi zile walikula mavuno yao kama vibarua waliokodiwa kuyamaliza. Mtama ukiiva, ngoma; pombe ikichachuka, ngoma tena; na mbegu ya msimu ujao iliishia matumboni mwa wageni wa harusi. Njaa ilipobisha, walishuka nyikani kwa Mzungwi, bwana wa maghala, wakakopa nafaka. Rehani aliyoitaka Mzungwi haikuwa mbuzi wala jembe. Alitaka watoto. Wangekaa kwake wakichunga na kutwanga, na nafaka ikirudi baada ya mavuno, watoto nao wangerudi. Isiporudi, misafara ya kwenda pwani ilipita mlangoni kwake, na hakuna aliyechukuliwa na misafara akaonekana tena.

Mwaka wa ukame mkubwa, karibu kila nyumba ya Vudere ilikuwa na mtoto nyikani. Ngwaru, ambaye wazee walimkabidhi uongozi kwa sababu ya mabega yake, alimtanguliza binti yake wa pekee, Namvua, kabla ya mtoto wa mtu mwingine yeyote, kwa kuwa hakuona namna ya kuwaomba watu kitu ambacho yeye mwenyewe hajakitoa. Tangu siku hiyo usingizi ulimkimbia. Alikaa juu ya mwamba akiitazama nyika, na kila vumbi lilipoinuka moyo wake uliuliza: ni ng'ombe, au ni msafara?

Katika kukaa huko ndipo macho yake yalipoiona chemchemi kwa mara ya kwanza, ingawa alikuwa ameinywa maisha yake yote. Aliuona ule uzi wa maji ukishuka, ukifika kwenye shamba la kwanza, ukinywewa na ardhi, ukaisha. Mchana kutwa ulikuja na kuisha, ukaja na kuisha. Akawaita watu, akatamka:

"Tumewala watoto wetu kwa kijiko cha kuazima. Maji haya ni kama sisi, wanangu. Yanapopatikana, papo hapo yanakwisha. Tutayazuia mpaka yapate miguu ya kufika mbali."

Basi wakachimba chini ya chemchemi, wakajenga ukuta wa udongo na mawe, mawe ambayo leo hayupo wa kuyatikisa, na Ngwaru aliyabeba akiimba. Bwawa lile waliliita ndiva, kama tunavyoliita hadi leo. Chini ya ukuta waliacha tundu la upana wa kiwiliwili cha mtu, wakalizibia gogo lililochongwa, nalo wakaliita kizibo. Kutoka hapo mfereji uliteremka ukipita shamba kwa shamba. Watu walipoanza kugombea mashamba ya karibu na ndiva, Ngwaru alitamka tena:

"Anayeshika kizibo atalima mkiani. Maji yakimfikia yeye, yamemfikia kila mtu."

Akalichukua shamba la mwisho kabisa, penye mawe, karibu na nyika.

Hapo ndipo ulipoanza mtihani, maana kuchimba ni kazi ya mikono, lakini kungoja ni kazi ya moyo. Maji yalijaa taratibu machoni pa watu ambao mtama wao ulikuwa na kiu, nao walikuja wakiuliza, "Tufungue?" na Ngwaru akajibu, "Bado." Walirudi, wakauliza, naye akajibu, "Bado." Ndiva ilipojaa hadi ukingoni alisema, "Sasa," akang'oa kizibo, na maji yakatoka yakiunguruma, yakaliruka shamba la kwanza, yakakimbia hadi mkiani. Watu walilia. Mtama uliinua vichwa.

Lakini ukame ulizidi, na uzi wa chemchemi ukazidi kuwa mwembamba. Ndiva iliyokuwa ikijaa kwa usiku mmoja sasa iliomba usiku na mchana, kisha ikaomba zaidi. Habari zilipanda kutoka nyikani kwamba msafara umepiga kambi kwa Mzungwi, unangoja mavuno ya Vudere kama fisi anavyongoja mgonjwa. Mtama ulikuwa umetoa maua. Ulihitaji maji mara moja tu ili ujaze punje.

Kajiru, mdogo wake Ngwaru, ndiye aliyekuwa na shamba la kwanza, na wanawe wawili walikuwa nyikani.

"Kaka," alisema mbele ya watu, "vyura wa ndiva yako wamekuwa matajiri kuliko sisi. Wanaogelea, sisi tunawatazama."

"Bado, Kajiru."

"Hilo neno lako tulitie chumvi tulile?"

Watu walicheka, lakini kicheko kilikuwa kikavu, na hakikudumu.

Ngwaru aliposhuka mkiani kupalilia, Kajiru alikwenda kwenye ndiva iliyojaa nusu, akakipiga kizibo kwa mti, akakipasua. Maji yalitoka bila nguvu. Yalilowesha shamba lake, yakalamba nusu ya shamba la pili, yakafia mchangani. Huko chini majani ya mtama yalianza kujikunja.

Ngwaru alipanda, akaitazama ndiva tupu, akamtazama ndugu yake. Hakumpiga. Watu walitamani ampige, maana kipigo kingekuwa na mwisho, lakini woga wa kuwapoteza watoto haukuwa na mwisho. Kuchonga kizibo kingine kungechukua muda ambao mtama haukuwa nao. Basi Ngwaru alivua vazi lake la ngozi, akaingia ndani ya ndiva, akaketi kwenye tope, akaliziba tundu kwa mgongo wake.

"Yajae," alitamka. "Nikisema sasa, mnivute. Kabla ya hapo asiniguse mtu."

Maji yalimpanda mapajani, yakampanda kiunoni. Mkewe, Nakijwa, alikuja na uji, akamnywesha akiwa ameinama ukingoni.

"Baba Namvua, toka upumzike. Kajiru ashike."

"Kajiru ana haraka."

"Na wewe je, huna mtoto kule?"

"Ndiyo maana siwezi kutoka, mama. Nikitoka, maji yatanitangulia."

Usiku ulipita, kukapambazuka. Maji yakafika kifuani. "Tufungue?" "Bado." Yakafika kwenye mabega yale yaliyobeba fahali. "Tufungue?" "Bado." Yakafika kidevuni, na Ngwaru, akitetemeka kwa baridi, aligeuza macho kuuangalia mfereji hadi kule mkiani, akasema, "Bado." Kwa nini hakusema sasa? Wapo wanaosema alipima vizuri kuliko sote. Mimi nasema mtu aliyekwisha kuona kidogo kikipotea huogopa kuamini kwamba kilichopo kinatosha.

Kisha maji yakamfunika mdomo.

"Tufungue?" waliuliza. Hapakuwa na jibu. Wakaulizana kwa macho. Na hapa, watu wangu, ndipo tulipokosea kosa ambalo kabila jingine lolote lisingelifanya, kwa kuwa sisi tulikuwa tumefundishwa kungoja, na tulifundishika. Mzee mmoja alisema, "Asiyesema sasa amesema bado." Wakatikisa vichwa kukubali. Wakangoja. Maji yakafunika nywele za Ngwaru, na watu wa Vudere walisimama ukingoni kwa utii, mikono kifuani.

"Sasa," alisema Nakijwa.

Hakupaza sauti. Lakini Kajiru aliruka ndani, akamshika kaka yake, akavuta, na ndiva nzima ikapasuka kupitia tundu lile kwa ngurumo, ikamwacha Kajiru ameshikilia jiwe, ikamchukua Ngwaru. Maji yaliruka shamba la kwanza, yakaruka la pili, yakajaza mfereji wote hadi kwenye shamba la mawe, yakalijaza. Watu walikimbia nayo wakiita. Mkiani walikuta mtama umesimama majini, na bangili ya shaba aliyokuwa ameivaa Ngwaru. Yeye hawakumwona, siku hiyo wala nyingine.

Punje zilijaa. Nafaka ilishuka nyikani, na msafara ukaondoka bila mtoto wa Vudere. Namvua alipopanda mlima aliwaona watu wote njiani isipokuwa mmoja.

"Baba amekufa?" aliuliza.

Kajiru akasema, "Bado."

Namvua akafika kwenye ndiva, akakitazama kizibo kipya, akatamka mbele ya wazee kwamba kuanzia siku ile asikishike mtu mmoja peke yake. Kwa hiyo hadi leo tunao wawili, wote wanalima mkiani: mmoja kazi yake ni kusema bado, na wa pili, ambaye huwa mwanamke, kazi yake ni kumtazama yule wa kwanza, kisha kusema sasa.