Chombo Kilichokwama Bandarini

Kinyozi, hata awe na mkono mwepesi kiasi gani, kisogo chake hakioni. Atawapendezesha watu kuanzia asubuhi hadi jioni, lakini zamu yake ikifika hana budi kuinamisha kichwa mbele ya mwenzake. Ndiyo maana tukaambiwa kuwa kinyozi hajinyoi. Mfamasia mmoja aliyebandikwa jina la Bi Darubini aliijua methali hiyo tangu utotoni, ila alidhani inawahusu wengine.

Kazini, Bi Darubini alisoma miandiko ya madaktari iliyowashinda wenzake. Jumamosi alasiri alijiunga na wapenzi wa michezo ya mezani katika chumba cha nyuma cha duka la kuchapa vitabu. Michezo yenyewe ilikuwa ya safari za anga: kila mchezaji hujitwalia mhusika, mwendeshaji husimulia yanayowakuta kwenye sayari za mbali, na dadu huamua nani apone na nani aangamie. Waliotunga michezo yao walimletea Bi Darubini vijitabu vya kanuni avikague, naye hakumwonea mtu haya. "Shimo lote hili hukuliona?" angeuliza, na kalamu nyekundu ikafanya kazi yake. Kila mtu alimwogopa, na kila mtu alirudi kwake.

Sasa alikuwa na mchezo wake mwenyewe, jasho la miaka mitatu. Alikuwa ameuendesha mara nyingi, na watu walicheka hadi wakashika mbavu. Lakini kijitabu hakumpa mtu akisome. "Nimekipitia mara kumi na tisa," alijigamba. "Mnataka kutafuta nini humo?" Mwenye mtambo wa kuchapa alikuwa ameahidi kuucheza Jumamosi iliyofuata, na ukimpendeza, angechapa nakala mia. Jumanne mtambo ungeanza kazi nyingine, na nafasi kama hiyo isingepatikana tena mwaka mzima.

Jumamosi ikafika, sauti ya Bi Darubini isifike nayo. Mafua yalikuwa yameikausha. Alipofungua kinywa ulitoka mkwaruzo tu, kama mlango wenye kutu. Ikabidi wifi yake, fundi cherehani aliyekuwa amemsindikiza tu, ashike kijitabu na kuendesha mchezo.

"Leo Mungu amenisikia," wifi alisema huku akivaa miwani. "Miaka kumi nangoja siku ya kuongea mimi, yeye anyamaze."

Akasoma neno kwa neno, jinsi anavyofuata vipimo vya nguo. Wachezaji walikuwa watatu: mwenye mtambo, dereva wa teksi na mwalimu wa hesabu. Wakajipa vyeo vya nahodha, rubani na mganga, wakaingia kwenye chombo chao.

"Twende sayari ya njano," alisema dereva.

Wifi akapekua. "Hamwendi. Tangi tupu."

"Basi tujaze."

Akapekua tena. "Mafuta yanapatikana sayari ya njano tu."

"Na sayari ya njano tunafikaje?"

"Kwa mafuta."

Bi Darubini akang'amua kosa lake. Kila alipoendesha mchezo alianza kwa kusema, "Haya, tangi limejaa, mmeshapaa!" Aliyasema kwa mazoea, wala hakuwahi kuyaandika. Mara kumi na tisa alikuwa amepita juu ya shimo hilo, kwa sababu kichwani mwake chombo kilikuwa angani tayari. Akanyakua kipande cha karatasi, akaandika mbiombio, akamsukumia wifi yake.

Wifi alikisoma, akakikunja, akakitia mfukoni. "Wifi yangu, vitabu mia vikienda kwa watu mia, utavifuata vyote na vikaratasi?"

Mwalimu akaangua kicheko. "Ningeleta mimi shimo kama hili, kalamu nyekundu ingeisha wino!"

Mwenye mtambo hakucheka. Alitazama saa yake, na Bi Darubini akaiona miaka yake mitatu ikiyeyuka. Machozi yalimlengalenga.

Hapo dereva akapiga meza. "Jamani, gari likiishiwa mafuta tunafanyaje? Si tunasukuma! Tena huko angani hakuna kilima. Ukikisukuma chombo mara moja, kinakwenda chenyewe."

"Asukume nani?" aliuliza wifi. "Nyinyi mko ndani."

"Waliokuja kutuaga," alijibu mwenye mtambo polepole. "Wangu ni mama. Hakutaka niondoke, lakini ndiye anayesukuma kwa nguvu kuliko wote."

Mwalimu akamtaja mkewe, aliyekuwa akisukuma huku akilalamika. Dereva akawataja abiria wake wote, hata yule anayebamiza mlango. Wifi akarusha dadu, zikatua sita mbili, na chombo kikatoka bandarini kwa shangwe iliyowavuta wapita njia dirishani. Walicheza mpaka chai ikapoa bila kuguswa.

"Nachapa," alisema mwenye mtambo, akipangusa machozi ya kicheko. "Lakini hilo la kusukuma liwe ukurasa wa kwanza."

Bi Darubini alicheka bila sauti, mabega yakimtikisika. Kisha akachomoa kalamu yake nyekundu, akamkabidhi wifi yake pamoja na kijitabu. Wifi alikaa nacho Jumapili nzima, akagundua mashimo mengine manne.

Jumatatu mtambo ulinguruma, nakala mia zikatoka. Ukurasa wa kwanza ulisema: "Kabla ya safari, kila mchezaji amtaje anayemsukuma." Chini yake mtunzi alikuwa ameongeza maneno mawili tu: "Mimi, wifi." Na hadi leo, wanaouliza imekuwaje mkaguzi wa wote akakaguliwa na fundi cherehani, Bi Darubini mwenyewe huwajibu, kwa sauti iliyokwisha kupona: kinyozi hajinyoi.