Makoti Matatu na Kigoda cha Chura

Paukwa!
— Pakawa!
Pakawa nini?
— Vigoda vinne, makoti matatu!
Na wenyewe wako wapi?
— Wametoka kidogo, watarudi!

Haya, kaeni vizuri. Hapo zamani, wanyama walipokuwa wakiomba mvua kwa barua, palikuwa na ofisi chini ya mlima. Ofisi ya Mvua. Ilikuwa na vigoda vinne na watumishi wanne. Chatu kazi yake kupima ukame. Chura kuandika barua. Kondoo kuisoma na kuihakiki. Tausi kuipeleka kileleni, kwa Wingu. Na kila mmoja sharti atie alama yake kwa wino. Barua yenye alama tatu Wingu haliipokei.

Mkubwa wao alikuwa Mzee Kifaru. Mnamjua Kifaru: macho yake hayaoni mbali, lakini pua yake haikosi kitu. Basi yeye alikagua watumishi kwa pua. Anaingia, ananusa kigoda cha kwanza, cha pili, cha tatu, cha nne. Kigoda chenye harufu kina mtu. Kisicho na harufu, mtu wake mtoro.

Wale watatu wakalijua jambo hilo. Chatu akajivua gamba, akalitandika kigodani, akaenda zake. Kondoo akanyolewa, akaiacha sufu kigodani, akaenda zake. Tausi akapukutisha manyoya ya mkia, akayapanga kigodani, akaenda zake. Hayo ndiyo makoti. Kifaru akipita ananusa, anasema, "Wapo."

Na Chura je? Chura akijivua ngozi huila palepale, ndiyo desturi ya kwao. Hana cha kuacha kigodani. Ana yeye mwenyewe tu. Akawa anafanya kazi yake, na ya Chatu, na ya Kondoo. Wenzake walipita mara moja kwa mwezi kutia alama, wakamsifu kwamba ana bidii, wakaondoka.

Kikaja kiangazi. Habari ikamfikia Chura kutoka kwao, dimbwi la Mkwajuni: maji yamebaki vidole saba. Mama yake yumo humo, na wadogo zake thelathini na wanane, viluwiluwi ambao hawajaota miguu. Mwenye miguu huhama. Kiluwiluwi atahamaje?

Chura akaandika barua siku hiyohiyo. Akaisoma mara tatu, akasahihisha nukta moja. Akatia alama yake, akatoka kumtafuta Chatu.

Akamkuta amejikunja juani, tumbo limemjaa. Akamweleza habari za dimbwi, akamwomba aje atie alama. Chatu akafumbua jicho moja.

"Dada, koti langu si liko kigodani?"

"Liko."

"Basi niko kazini. Unanisumbulia nini?"

Dimbwi vidole vitano.

Akaenda kwa Kondoo. Akamkuta kwenye arusi ya binamu yake, siku ya tatu ya arusi ya siku saba. Kondoo akasema ataisoma kesho. Kesho yake akasema ataisoma akishashiba. Siku iliyofuata akawageukia wenzake wa arusini. "Mwoneni msomi wetu huyu. Kasoma kote huko, bado anataka kusomewa." Wakacheka. "Rudi ofisini, bibie. Koti langu si liko kigodani?"

Dimbwi vidole vitatu.

Akaenda kwa Tausi. Akamkuta mtoni, anajitazama majini. "Nipande mlima bila mkia?" Tausi akasema. "Wingu litanichukuliaje? Ngoja uote."

"Utaota lini, kaka?"

"Mbona una haraka? Koti langu si liko kigodani?"

Dimbwi kidole kimoja.

Chura akarudi, akakaa katikati ya makoti matatu. Kwa Kifaru alikwisha kwenda, zamani. Kifaru alinusa vigoda, akamwambia wenzake wapo, na kwamba kusengenya wenzako ni tabia mbaya.

Jamani, nyinyi mlio hapa, mmewahi kushika barua iliyokamilika, mkakosa wa kuipokea?

Akayatazama makoti. Akawaza: kama koti linatosha kuwepo kazini, basi linatosha kufanya kazi. Akachovya ncha ya gamba katika wino, akaigandamiza kwenye barua. Akachovya sufu, akaigandamiza. Akachovya unyoya, akaugandamiza. Alama nne. Akaibana barua mdomoni, akaupanda mlima mwenyewe. Akaruka, akaruka, akaruka. Siku tatu. Wingu likahesabu alama: moja, mbili, tatu, nne. Likafunguka.

Mvua ikapiga, nyie! Ikapiga tangu kileleni hadi bondeni. Chura akateremka ndani yake, analia na kucheka, akafika mlangoni pa ofisi.

Kigoda chake kiko nje. Kimelowa.

Mzee Kifaru amesimama kizingitini. Alikuja kuwapongeza watumishi wa mvua. Alinusa kigoda cha Chatu, akakuta harufu ya Chatu na wino mbichi. Cha Kondoo, harufu ya Kondoo na wino mbichi. Cha Tausi, hivyohivyo. Akasema hajapata kuona watumishi wanaochapa kazi mpaka makoti yao yanalowa wino. Kisha akanusa kigoda cha nne.

"Siku tatu hakina harufu," akamwambia Chura.

"Mzee, nilikuwa mlimani. Barua niliandika mimi, nikaipeleka mimi. Ninuse mikono. Ina wino."

Kifaru akainamisha pua. Akanusa mkono wa kulia. Akanusa wa kushoto. Akarudia tena wa kulia, maana hakuwa dhalimu.

"Mikono hii inanuka mvua tu," akasema. "Nenda kwenu, binti."

Chura akaenda kwao. Dimbwi limejaa hadi ukingoni. Mama yake yupo. Akahesabu wadogo zake, akapata kumi na mmoja. Akahesabu tena. Kumi na mmoja. Wale ishirini na saba hawakuingoja mvua.

"Dada, umesikia?" wakamwambia wale waliobaki. "Mvua hii tumeletewa na Bwana Chatu, Bi Kondoo na Bwana Tausi. Mama anasema tuwaombee kila siku."

Chura akafungua mdomo awaambie.

Hajaufunga hadi leo. Kila mvua ikinyesha anaanza upya, tangu vidole saba mpaka kimoja, na sisi tulio ndani, mikono kwenye moto, tunaambizana: msikieni Chura anavyoimba, amefurahi.

Na ngano yangu ndiyo hiyo. Nimeivua, nimeitandika hapa kigodani.
— Nawe unakwenda wapi?
Natoka kidogo. Akija mkubwa, mwambieni ainuse.
— Atasema upo!
Basi nipo.