Kadi ya Faki Haiendi Jumbani

Palikuwa na sultani, jina lake Badawi, aliyejiona kipa hodari kuliko makipa wote walioumbwa. Kila Idi alisimama golini, na kila Idi hakufungwa. Angefungwaje? Washambuliaji walipiga mashuti juu minazini. Mmoja alijikuta peke yake mbele ya goli, akajiangusha na kulia kuwa ameteguka mguu. Sultani akampa pole.

Mpaka siku alipocheza Faki, mchukuzi wa sokoni, mtoto pekee wa Bi Mize muuza mihogo ya kukaanga. Faki alipata mpira, akapiga kama alivyozoea kupiga. Ukaingia. Sultani kalala chali, joho limemfunika uso.

Sasa, siku zile kila pakiti ya chai ilitoka na kadi yenye picha ya mchezaji. Watu wazima na ndevu zao walizisaka, wakaziuza, wakazibadilishana, wakanuniana kwa ajili ya kadi hizo. Mwenye kiwanda cha chai, mgeni asiyejua adabu za mji ule, akatoa kadi ya bao lile: Faki mbele anacheka, nyuma yake wavu, na chini ya wavu sultani na joho lake.

Mwaka haukwisha, Faki akafa kwa homa. Bi Mize hakuwa na picha nyingine ya mwanawe. Aliiweka ile kadi ndani ya kikopo, na kila asubuhi aliitazama kabla hajawasha moto.

Sultani naye akaanza kuzikusanya kadi za bao lile. Hakupora, maana alipotawazwa aliapa msikitini kuwa hatachukua cha mtu kwa nguvu. Yeye alibadilishana. Lete kadi jumbani ikaguliwe, alisema, kisha nitakupa yangu. Muuza samaki akapeleka, akarudishiwa kadi, jumbani wakasema ni ileile, ila Faki amechorwa kwa makaa na ana masharubu. Fundi cherehani akapeleka, na mpaka leo anaambiwa ukaguzi unaendelea. Hiyo ya sultani yenyewe alijichapishia, kingo zake za dhahabu, na akaitungia sheria: haina mfano, na atakayesema imelingana na kadi nyingine, awe mkubwa awe mdogo, viboko thelathini.

Ikabaki kadi moja mjini. Askari akafika kwa Bi Mize.

"Sultani anasema ulete kadi ikaguliwe."

"Mwambie bwana kadi hii haitembei peke yake. Anayeitaka aje barazani kwa muuza kahawa, adhuhuri, kama wafanyavyo watu."

"Unamwita sultani, Bi Mize?"

"Simwiti, mwanangu. Nimemwelekeza tu nilipo."

Msidhani hakuogopa. Mihogo iliungua siku ile, yeye kaishika kadi kifuani. Lakini desturi ya baraza aliijua, na sheria za sultani alizijua, na alikuwa amekwisha kuziweka pamoja kichwani.

Desturi yenyewe ilikuwa hivi. Kadi mbili zinawekwa kwenye sinia, mbele ya mashahidi watatu. Kila mmoja anaikagua ya mwenzake palepale, mchana kweupe. Kisha wote wawili wanatamka kwa sauti: zimelingana. Bila neno hilo hakuna anayenyanyua kitu.

Sultani akaja na kadhi wake na watu wa kumpepea. Soko zima likahamia barazani. Akaitoa kadi yake ya dhahabu, akaiweka kwenye sinia kwa madaha. Bi Mize akaiweka ya Faki kando yake. Sultani akaigeuza, akaiona ni ya kweli, akajiona na yeye mwenyewe pale chini, akaifunika haraka kwa kiganja.

"Nimeridhika. Nipe."

"Bado neno moja, Seyyid. Tamka."

"Zime..." alianza sultani. Kadhi akakohoa.

"Kuna nini?"

"Viboko thelathini, bwana wangu. Awe mkubwa awe mdogo. Ulisisitiza mwenyewe."

Sultani akamwelekezea Bi Mize kidole. "Basi atamke huyu bibi peke yake."

"Mimi nina mgongo mmoja tu, Seyyid," alisema Bi Mize, "na huo ndio unaobeba mihogo."

"Haya. Yangu imezidi yako. Umeridhika?"

"Imezidi mno, bwana. Nikiichukua kwa hiki kikaratasi changu nitakuwa nimekudhulumu mchana kweupe. Mimi mjane, namwogopa Mungu."

"Nimekusamehe hiyo dhuluma."

"Kadhi, sheria inasema kadi ya bwana ina mfano?"

"Haina," alisema kadhi, anatazama viatu vyake.

"Basi cha kubadilishana nayo kitatoka wapi?"

Watu wakaanza kuinamia vikombe vyao vya kahawa. Muuza samaki alikuwa ameuma kilemba chake.

"Bibi," alisema sultani, sauti imeshuka, "mimi naitaka kadi hii. Niambie njia."

"Njia ipo moja. Yangu ndiyo izidi. Hiyo sheria haijaikataza, ilikataza kulingana tu. Simama hapa, Seyyid, useme watu wakusikie: kadi ya Faki mchukuzi imeizidi kadi yangu. Ukisema hivyo, ichukue."

Bi Mize alijua sultani akisema hivyo, kadi imekwenda. Sultani akaitazama kadi. Akautazama umati. Mdomo ukafunguka, ukafungika, ukafunguka tena, na halikutoka neno.

Bi Mize akanyoosha mkono, akaitoa kadi yake polepole chini ya kiganja cha sultani, akaifunga kwenye pindo la kanga.

"Ichukue," alifoka sultani. "Nini hiyo? Kipande cha karatasi. Picha ya maiti."

"Ndiyo, Seyyid," alisema Bi Mize. "Basi weka hesabu sawa. Bao la kwanza alikufunga akiwa hai. Hili la pili, kakufunga akiwa kaburini."