Mtamba wa Mzee Chumo

"Laki tatu na nusu! Nimesikia mlangoni umelipwa laki tatu na nusu, bwana piano, kwa wimbo wa kukamia ng'ombe wetu, halafu unawainamia watu kana kwamba ni wako?"

Aliyefoka hivyo ni Tapkigen, muuza maziwa wa Molo, aliyekuwa amesimama chini ya jukwaa katika ukumbi mmoja mjini Nakuru, kilemba kimemwendea upande. Aliyefokewa ni Natani, mpiga piano wa jazi, mzee wa miaka sitini na mitatu. Makofi yalikuwa hata hayajaisha.

"Wimbo gani, mama?"

"Huo wa mwisho. Huo mmoja uliosikika kuwa wimbo. Zile kelele nyingine ni zako, sina haja nazo."

Ukumbi mzima ukacheka. Natani hakucheka, kwa sababu wimbo ule wa mwisho ndio uliokuwa maisha yake.

Natani alizaliwa katika familia ya Wayahudi waliokimbia vita huko Polandi wakaja kufuga ng'ombe Molo. Akiwa kijana alipiga piano katika hoteli za Nairobi, nyimbo za watu kuchezea. Baadaye akaenda ng'ambo, akajifunza jazi, na jazi nayo ikamwia nyembamba. Akaanza kuchukua sala za sinagogi, zile alizozisikia utotoni, na kuzipasua kwenye piano kama mtu anavyopasua kuni. Alipiga kwa viwiko. Alitia vijiko kati ya nyuzi. Watu walitoka mmoja mmoja wakiomba radhi kwa wenye viti. Katika mji mmoja mwenye ukumbi alimfuata mpaka mlangoni akamuuliza kwa adabu, "Bwana, leo ulikuwa unaipiga ile piano au ulikuwa unaitengeneza?"

Lakini kila onyesho alilimaliza kwa wimbo mmoja usio na maneno, wimbo ambao babu yake, Mzee Zeligi, alikuwa akiuimba kwa midomo iliyofungwa ndani ya zizi. Huo hakuupasua. Aliupiga kwa mkono mmoja, polepole, na wale waliobaki ukumbini walilia. Ni kwa ajili ya wimbo huo aliitwa tena na tena. Naye kila mahali aliwaambia watu: hii ni sala ya kijiji cha babu yangu, kijiji kilichochomwa moto, na leo hakuna anayeijua isipokuwa mimi.

Hakuwa akidanganya. Ndivyo alivyoamini.

"Mama, wimbo huu ni sala ya watu wangu," akasema sasa.

"Sala? Unamsalia ng'ombe?" Tapkigen akaweka chini kikapu chake. "Nyamazeni kidogo, nyinyi mnaocheka."

Akauimba. Midomo imefungwa, mikono yake miwili ikipanda na kushuka hewani kama inayovuta kitu. Ulikuwa ni ule ule. Wa Natani ulitembea kama watu wanaotoka kuzika, na wa huyu mama ulitembea kama mtu anayewahi gari la maziwa, lakini ulikuwa ni ule ule, mpaka pale katikati unaponyamaza ghafla.

Natani akausogelea ukingo wa jukwaa. "Hapo," akasema. "Hapo katikati. Mbona unanyamaza?"

"Hapo unamsukuma ng'ombe arudishe mguu nyuma. Utaimba vipi huku unasukuma?"

Natani akautazama mkono wake wa kulia. Kwa miaka arobaini alikuwa amewaambia watu kwamba kimya kile ni cha kuwakumbuka marehemu.

Akatafuta pa kushika, na katika uso wa huyu mama akaiona sura ya mkamaji wao wa zamani. "Huenda baba yako aliusikia kwa babu yangu. Baba yako si ndiye Chumo, aliyekuwa mkamaji wetu?"

"Ndiye. Na wewe si ndiye Natani, uliyekuwa ukipanda juu ya pipa kwa kuogopa bata mzinga?" Watu wakacheka tena. "Sasa sikiliza. Babu yako alipofika Molo hakujua hata ng'ombe anakamwa kutoka upande gani. Alinunua ng'ombe mwekundu aliyefiwa na ndama. Ng'ombe akabana maziwa, hatoi hata tone, kiwele kimevimba kama ngoma. Babu yako analia, mkewe analia. Baba yangu akakaa chini akaimba huo wimbo, wa mama yake huo, na maziwa yakashuka. Babu yako akaduwaa. Akamwambia, Chumo, wimbo huu niuzie."

"Auziwe wimbo?"

"Ndiyo. Hata baba alimshangaa. Alimwambia, Mzee, si uimbe tu, nani amekukataza? Babu yako akasema hapana, kwetu wimbo hununuliwa. Wakapatana mtamba mmoja, ng'ombe jike asiyezaa bado. Wakashikana mikono. Kisha ikawa kesho, ikawa baada ya mvua, ikawa bei ya maziwa ikipanda. Mwisho babu yako akauza shamba akahamia Nairobi. Baba alimsubiri mtamba huyo mpaka akafa."

Kwetu wimbo hununuliwa. Maneno hayo Natani aliyajua. Jioni ile ile, kabla ya kupiga wimbo wa mwisho, alikuwa amewasimulia watu mkasa ambao babu yake alimsimulia: jinsi mzee mmoja wa dini, zamani huko Ulaya, alivyomsikia mchungaji akiimba porini, akaupenda ule wimbo, akamlipa. Palepale fedha zilipoingia mkononi, mchungaji akausahau wimbo wake, na yule mzee akaujua wote. Tangu siku hiyo wimbo wa porini ukawa sala.

Tapkigen naye alikuwa ameusikia, akiwa amesimama mlangoni na madumu yake matupu.

"Wewe mwenyewe umesema hapo juu," akamwambia. "Kwenu anayelipwa husahau. Haya, nitazame. Nimesahau?"

Tapkigen akaanza kuhesabu kwa vidole.

"Baba hakusahau mpaka anakufa. Mimi sijasahau. Binti yangu anauimba sasa hivi huko nyumbani. Kwa sheria yenu wenyewe, huo wimbo umeshalipiwa?"

Hapo Natani akakumbuka jambo ambalo halikuwahi kumsumbua. Babu yake aliuimba wimbo ule zizini akiwa peke yake, na mara Chumo alipoingia na ndoo, alinyamaza. Kila siku. Akiwa mtoto Natani alidhani ni heshima ya sala, kwamba haifai kusaliwa mbele ya mgeni. Sasa akaiona sura ya babu yake upya, macho yanatazama majani makavu chini, na haikuwa sura ya mtu anayesali. Ilikuwa sura ya mtu anayemkwepa anayemdai.

Kama wimbo ni wa ng'ombe, basi wale watu wote walilia nini? Kama ni sala, mbona haikulipiwa? Na yeye, aliyezunguka dunia akiwatafuta wazee wake katika piano, je, miaka yote aliyekuwa humo ni Chumo?

Akafanya alichokiweza. Akatoa bahasha ya onyesho mfukoni, nene, hajaifungua hata yeye, akashuka jukwaani akaiweka mkononi mwa Tapkigen. "Chukua yote, mama."

Watu wakapiga makofi. Na hapo ndipo walipokosea, na Natani pia, maana Tapkigen aliitupa bahasha juu ya piano.

"Mimi si mwizi wa pesa za watu. Piano umeisomea mwenyewe. Vijiko umevitia mwenyewe. Hizo ni zako, kale na watoto wako."

"Lakini umenigombeza kwa laki tatu na nusu."

"Nimekugombeza ujue kwamba uwezo unao. Bei ilikuwa mtamba. Si zaidi, si pungufu."

Natani akajifuta uso. "Na nikikulipa, mama, kisha usahau kweli? Ng'ombe wako utawakamaje?"

Kwa mara ya kwanza Tapkigen hakumtazama usoni. Akakiokota kikapu, akakipangusa vumbi ambalo halikuwepo. Ilionekana swali hilo alikuwa amekwisha kujiuliza pale mlangoni, na halikuwa limempa raha.

"Kusahau ni shauri langu na ng'ombe wangu," akasema hatimaye. "Deni ni shauri lako. Ukilipa, wimbo ni wenu. Salini nao mpaka mchoke, waiteni marehemu wenu, nyamazeni hapo katikati mnavyotaka, sitakuja kukuuliza. Usipolipa, usiuguse."

"Nami nikitaka tuutumie wote wawili, wewe na mimi?"

"Hayo tutazungumza baada ya mtamba."

Natani akageuka akaitazama piano. Ilikuwa imefunguliwa, nyuzi zake wazi, kijiko kimoja kimesahaulika ndani. Akauliza kwa sauti ndogo, kama yule mtoto wa juu ya pipa:

"Mtamba wa namna gani?"

"Mwekundu. Wa maziwa, si wa nyama. Mlete mwenyewe Molo, kwa kamba, mchana, majirani wakuone."

Funzo: Kitu cha mtu hakiwi chako kwa sababu umekipenda, wala kwa sababu kimekuliza, wala kwa sababu babu yako ndiye aliyekuachia. Kama kuna unachodaiwa, acha hotuba. Lipa.