Kanga na Njia ya Kiboko

— Wasikilizaji, masikio mnayo?
— Tunayo!
— Kila mmoja mangapi?
— Mawili!
— Basi hesabu imetimia. Yategeni.

Zamani, zamani sana, wanyama walipokuwa na kikao chao, Kanga alitaga mayai kumi na mawili katika nyasi za ukingo wa mto. Mvua ikanyesha, mto ukafurika, ukayachukua yote.

Kanga akaenda kikaoni akilia. Nyani, aliyekuwa mwenyekiti, akasema, "Pole, dada. Kosa ni la wingu."

Mwaka wa pili akataga kumi na moja. Mvua ikanyesha, mto ukafurika, ukayachukua yote.

"Pole, dada," akasema Nyani. "Mara hii kosa ni la mlima."

Lakini Kanga alikuwa na desturi ya kuweka kombe la konokono mvuani na kulimwaga kila lilipojaa. Mwaka wa kwanza lilijaa mara nne. Mwaka wa pili, mara nne vilevile. Ila maji ya mto yalipanda ukingoni hatua thelathini zaidi. Akajiambia, "Mvua ni ileile. Mto ndio uliobadilika."

Mwaka wa tatu akataga tisa. Masika yalikuwa yamebakiza siku kumi na mbili kuanza, na mayai yalihitaji siku ishirini na saba kuanguliwa. Akayafunika kwa majani, akateremka kuufuata mto.

Kona ya kwanza, magogo. Kona ya pili, matete. Kona ya tatu, matope: mahali palipokuwa na kina cha kumzamisha twiga, Kanga alivuka bila kulowa magoti. Ng'ambo yake, katika kidimbwi, alilala Kiboko, ambaye kikao kilimfukuza kwa kosa la kuchafua maji.

"Hodi, Bwana Kiboko!"

"Karibu. Nawe umekuja kuniambia nanuka?"

"Kunuka unanuka. Nimekuja kuuliza: ulipokuwa ukipita mtoni kila jioni, matope yalikuwa wapi?"

Kiboko akafikiri. "Chini ya miguu yangu. Niliyakanyaga, maji yakayachukua."

"Basi rudi, tafadhali."

"Matope nitayakanyaga. Magogo na matete ni yenu."

Kanga akarudi mbio kikaoni. "Si wingu, si mlima. Ni sisi! Tulimfukuza Kiboko, mto ukaziba."

Nyani akacheka. "Hamia mlimani, dada!"

"Mlimani kuna nguchiro watatu wanaokula mayai. Na wewe, mti unaolalia umesimama wapi?"

Nyani akatazama. Mto ulikuwa umekwisha kuila nusu ya mizizi. Kicheko kikamkauka.

Tembo akavuta magogo. Nyani na jamaa zake wakang'oa matete. Kiboko akakanyaga matope, huku wote wakiimba:

Pita, maji, pita!
Njia ni yako,
ukingo ni wetu!

Siku ya kumi na mbili mvua ikaanza. Mto ukapanda, ukapanda, ukapanda. Hatua moja kabla ya kiota ukasimama, kisha ukashika mkondo wake, ukaenda zake.

Mayai mawili yalikuwa viza. Saba yakaanguliwa. Tangu hapo, kila kiangazi wanyama wote hushuka kusafisha mto.

Funzo ni hili: mvua hatuna mamlaka nayo, lakini njia yake tunaweza kuitunza, na kazi hiyo hufanywa jua likiwaka.

Hadithi yangu imetua. Ikiwa nzuri, gawaneni sawasawa. Ikiwa mbaya, nirudishieni yote, nami nitaihesabu: lisipungue hata neno moja.