Vitunguu Vilivyochanua Kabatini

Wapendwa, mtu mmoja alifanya kazi ya kuyapambanua maua ya porini, yale yanayoota kutoka kwenye kitunguu kilichojificha ardhini: hili ni lenyewe, lile ni ndugu yake tu. Mkewe alipokuwa mahututi alimwahidi, "Aina mpya nitakayoipata nitaipa jina lako."

Akaipata. Upande mmoja wa mlima majani yalikuwa mapana. Upande wa pili, membamba kama unyasi. Hakusubiri maua yachanue. Akatangaza aina mbili, na ile nyembamba akaiita kwa jina la mkewe, aliyekuwa amekwisha kufariki. Vitunguu vya pande zote mbili akavibana kati ya magazeti vikauke viwe ushahidi, akavifungia kabatini.

Miezi ikapita. Asubuhi moja akaitwa na shemeji yake, mdogo wa marehemu, aliyelitunza kabati hilo.

"Shemeji, karatasi zinachakarika mle ndani."

"Panya hao."

"Panya gani ananukia hivi?"

Wakafungua. Mabua meupe, yasiyo na hata chembe ya kijani, yalikuwa yametoboa magazeti na kujipinda kuelekea ufa wa mlango. Maua yalikuwa yamefunguka juu ya nyuso za watu kwenye matangazo ya vifo.

"Kwani hukuvichemsha vife kabla ya kuvibana?"

"Wiki ile ya msiba? Sikuweza kuua kitu."

Akayapeleka dirishani, akayachunguza moja moja. Ya majani mapana na ya majani membamba hayakutofautiana kwa lolote. Yote yalikuwa aina moja; hapakuwa na aina mpya. Jina la mkewe lilikuwa limebaki bila ua.

"Tuyapande, shemeji," yule mwanamke akasema. "Dada mwenyewe angeshatafuta kopo."

Yule mwanamume akayakusanya mabua yote. Kisha akasema, "Chemsha maji."

Ndugu zangu, mabua yale yalilegea ndani ya sufuria, yakabanwa upya, na jina lingalipo, maana hakumwambia mtu kwamba alikosea. Je, hakumpenda mkewe? Alimpenda mno! Basi mbona aliua kitu ambacho mkewe angekimwagilia maji?

Na sisi je? Tunamwambia kijana, "Baba yako asingekubali," mpaka anasinyaa. Tunamkataza mjane kucheka ili sisi tuonekane tunakumbuka. Tunaita hiyo heshima. Marehemu hakutuomba hayo, wapendwa. Yuko mtu nyumbani kwako anayechemshwa akiwa hai kwa ajili ya jina la aliyelala. Ukitoka hapa, kazime jiko.