Maboga ya Barazani

Mwanamke mmoja alikuwa na mama mkwe asiye na jino hata moja, na shina la maboga nyuma ya jiko. Mbegu alipewa na huyo huyo bibi, siku alipoolewa. Nakijwa, ndilo jina la mwanamke huyo, alilimwagia shina majivu na maji ya vyombo, likatambaa hadi juu ya banda la mbuzi, likazaa maboga ya kutisha.

Yalipokomaa, mumewe Kirindo, baba wa mtoto wao Namsifu, mtu ambaye hakuwahi kupalilia hata siku moja, akayachuma. Akayabeba kwa kuyashika vikonyo kama anayebeba ndoo, na vikonyo vikakatika. Nakijwa akamwambia boga lisilo na kikonyo halikai. Akaambiwa anyamaze. Kirindo akayapanga barazani, makubwa mbele, ili kila apitaye aseme hapa anaishi mkulima. Loo! Mkulima!

Bibi alikuwa chumba cha ndani, kitandani, ugali umemshinda kumeza. Akaomba boga la kupondwa, kijiko kidogo tu. Nakijwa akaenda barazani na kisu, mumewe akampokonya. Haya ni ya wageni, alisema, safu isiharibiwe. Kesho yake bibi akaomba tena. Aliomba mpaka sauti ikamkauka, na mwanawe, aliyelishwa maboga ya mbegu hiyo hiyo tangu hajaota meno, akawa anapita mlangoni kwake na kitambaa mkononi, anakwenda kuyafuta vumbi. Msiniambie hakusikia. Alisikia.

Bibi akafa hajaonja.

Waombolezaji wakajaa uani. Kirindo, machozi yakimtiririka, akaagiza kwa sauti kubwa watu wapikiwe maboga. La kwanza lilipoguswa na kisu likabonyea, likatoa maji yanayonuka. La pili vivyo hivyo. Yote yalikuwa yameoza, kuanzia pale kikonyo kilipokatikia, na nje yanang'aa. Watu wakaziba pua.

Nakijwa hakulia. Alichukua sufuria tupu, akamsukumia mumewe kifuani mbele ya wote, akasema, "Wageni uliokuwa ukiwangoja ndio hawa, baba Namsifu. Wapakulie."

Nanyi mnaotikisa vichwa mkimlaani Kirindo, barazani kwenu mmepanga nini, na chumba cha ndani ni nani anayewaomba?